KISU CHA MFUKONI: TAZAMA KIUNGO KABLA YA MNG'AO

Ni vigumu mtu kumaliza siku nzima bila kuhitaji kitu chenye makali. Mkulima hukata kamba ya gunia, mchungaji huikata kamba iliyomkaba mbuzi shingoni, karani huchonga kalamu ya risasi, fundi wa baiskeli hukata kipande cha mpira cha kuzibia tundu, na mama huwamenyea watoto wake machungwa njiani. Panga ni kubwa mno kwa kazi hizo, na wembe ni mwembamba mno, tena hauna mpini. Chombo kifaacho ni kisu kidogo cha kukunja, kikaacho mfukoni bila kumsumbua mwenyewe.

Lakini aghalabu watu hununua kisu hicho kwa haraka kuliko wanunuavyo jembe au viatu. Hukiona kinang'aa juu ya meza ya mchuuzi, wakavutwa na rangi ya mpini au wingi wa vyombo vilivyomo, wakatoa fedha zao. Baada ya miezi miwili bapa limelegea, makali yamekwisha na kutu imeingia. Mara nyingine hutokea baya zaidi, yaani kisu hujifunga chenyewe juu ya vidole vya mwenye nacho. Mkono wa mfanya kazi ndio mtaji wake. Kano ya kidole ikikatwa, huenda kidole kisikunjike tena sawasawa, na mtu wa kulima, kushona au kuandika atapata hasara isiyolingana hata kidogo na shilingi chache alizookoa dukani.

Kwa hiyo twataka kueleza namna ya kuchagua kisu cha mfukoni. Neno kubwa tutakalolisema ni hili: usianze kutazama mng'ao wala hesabu ya vyombo, tazama kiungo, yaani mahali bapa linapounganishwa na mpini. Kiungo kikiwa kibaya, hakuna uzuri mwingine uwezao kukiponya kisu hicho.

KAZI ZAKO NI ZIPI?

Kabla ya kwenda dukani, fikiri kwanza juu ya mambo uliyoyakata katika juma lililopita. Mtu afanyaye kazi mezani, kama mwalimu au karani, hahitaji bapa kubwa. Inchi 2, yaani sentimita 5, zamtosha kufungua bahasha, kukata uzi na kumenya tunda. Mkulima na mchungaji wafaa kuwa na bapa la inchi 3 hivi, lililo nene kidogo, kwa maana watakata kamba za katani na vijiti vibichi. Mvuvi ahitaji chuma kinachostahimili chumvi. Mtu afanyaye kazi ya kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja na shina la mwingine, ahitaji kisu chake maalum, ambacho aghalabu hunolewa upande mmoja tu ili kikate sawasawa kama ubao uliopigwa randa. Kisu hicho asikitumie kwa kazi nyingine, kwani kidonda cha mti kikiwa na michubuko, kikonyo hakishiki.

Watu wengine hudhani kwamba bapa refu ni bora daima. Sivyo. Bapa refu katika kisu cha kukunja hukielemea kiungo, tena huwatia wasiwasi watu wanaokuona nalo. Kazi ikitaka bapa refu, kama kuchinja au kufyeka, chukua kisu cha ala au panga. Wahunzi wa jua kali hufua visu vya namna hiyo kwa springi kuukuu za magari, ambazo ni chuma kizuri. Kisu cha kukunja kisilazimishwe kufanya kazi ya kaka zake.

CHUMA CHA BAPA

Bapa la kisu hutengenezwa kwa chuma cha pua, ambacho watu wa pwani wamekiita feleji kikiwa bora. Ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kikatiwa motoni kisha kikapozwa ghafula ili kiwe kigumu. Kazi ya chuma si ngeni kwetu. Zamani wahunzi wa Kikuyu waliosha mchanga mweusi wa mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua visu na sime kutokana na chuma hicho.

Visu vya siku hizi vina chuma cha namna mbili. Cha kwanza ni chuma cha pua cha kawaida, ambacho hushika kutu kisipotunzwa. Sifa yake ni kwamba hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, na makali yake huwa mazuri sana. Ukikatia limau au embe hubadilika rangi, kikawa cha kijivu au cheusi. Rangi hiyo si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo adui.

Cha pili ni chuma kisichoshika kutu upesi. Mwaka 1913 Bwana Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Aligundua kwamba chuma kilichotiwa madini ya kromiamu kwa wingi hakiliwi na kutu kama chuma kingine. Chuma cha jamii hiyo huwa na kromiamu zaidi ya sehemu 10 katika kila sehemu 100. Juu ya baadhi ya visu utaona pameandikwa "inox", neno lililotokana na Kifaransa, maana yake ni chuma cha namna hii. Lakini usidhani kwamba hakipati kutu kamwe. Jasho, chumvi ya bahari na maji ya matunda yakikaa juu yake siku nyingi, nacho hupata madoa.

Kwa hiyo mtu wa pwani, mvuvi na mtu asiye na nafasi ya kukipangusa kisu kila siku achague chuma kisichoshika kutu. Mtu wa bara akaaye mahali pakavu, naye apenda kunoa mwenyewe, ataona faida ya chuma cha kawaida.

KIUNGO NDICHO KILINZI CHA VIDOLE

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Visu vya kukunja vina viungo vya namna nyingi, lakini vingi vyaweza kuwekwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni visu vyenye springi tu mgongoni mwa mpini, bila kifungio. Springi hulizuia bapa lisijifungue mfukoni wala lisijifunge hovyo. Lakini ukilisukuma kwa ncha katika kitu kigumu, au ukilibonyeza mgongoni, bapa hushinda nguvu ya springi na kurudi juu ya vidole. Kisu cha namna hii si kibaya. Ni chepesi, hakina mambo mengi ya kuharibika, nacho chafaa kwa kazi za kila siku. Sharti lake ni moja: kata nacho, wala usichome nacho kamwe.

Fungu la pili ni visu vyenye pete ya chuma shingoni mwa mpini. Mfano unaojulikana sana ni kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Mpini wake ni mti, na mwaka 1955 kiliongezwa pete izungukayo. Ukiisha kulifungua bapa, wazungusha pete, na bapa haliwezi kurudi mpaka uizungushe tena. Hapa msomaji aangalie jambo moja: pete hailindi ikiwa mtu amesahau kuizungusha. Tena mpini wa mti ukilowekwa majini huvimba, na bapa likawa gumu kufunguka.

Fungu la tatu ni visu ambavyo bapa likifunguka hushikwa na kipande cha chuma, ama mgongoni ama ndani ya mpini, na huwezi kulifunga mpaka ubonyeze au uvute kipande hicho. Kisu cha Okapi ni wa jamii hii. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani ya Afrika. Na tangu mwaka 1988 kimetengenezwa Afrika Kusini. Kiungo chake kina meno yaliayo bapa linapofunguliwa, na pete ndogo ya kuvutia unapotaka kulifunga. Vifungio vya namna hii ni imara vikiwa safi. Mchanga au uchafu wa mfukoni ukiingia ndani, kifungio hakikai mahali pake, na mwenye kisu hudhani amelindwa, kumbe sivyo.

Hata kisu chenye kifungio kitumie kana kwamba hakina. Mtu mwenye desturi hiyo huwa na vidole vyake kumi mpaka uzee.

VISU VYA VYOMBO VINGI

Vijana wengi hupenda kisu chenye vyombo vingi ndani yake. Yafaa tujue vilianzaje. Mwaka 1884 Bwana Karl Elsener alifungua karakana ya visu huko Ibach, Uswisi. Wakati ule askari wa Uswisi walitakiwa wapewe kisu kimoja cha kulia chakula, kufungulia makopo na kufungulia skrubu za bunduki yao mpya. Visu vya kwanza ilibidi viagizwe kutoka Solingen, lakini mwaka 1891 Elsener naye alianza kuwapelekea askari visu vyake. Mwaka 1897 akatengeneza kisu chepesi zaidi kwa ajili ya maofisa, chenye bapa la pili na kizibuo cha chupa. Hicho ndicho baba wa visu vyekundu vya Victorinox vijulikanavyo duniani kote.

Chombo cha namna nyingine, chenye koleo katikati, kilitokana na Mmarekani Tim Leatherman. Mwaka 1975 alisafiri Ulaya na mkewe katika motokaa kuukuu iliyokuwa ikiharibika mara kwa mara. Alikuwa na kisu mfukoni, lakini kila mara alihitaji koleo. Aliporudi kwao alifanya kazi ya kubuni chombo chenye vyote viwili, na mwaka 1983 kikaanza kuuzwa.

Habari hizi mbili zina fundisho moja. Hao mabwana hawakuanza kwa kuuliza, "Twaweza kutia vyombo vingapi?" Waliuliza, "Mtu huyu ana kazi gani?" Nawe uulize vivyo hivyo. Dereva, fundi wa baiskeli na mtu wa kutengeneza nyua za senyenge watapata faida kubwa kwa chombo chenye koleo, ingawa vingi vina uzito wa gramu 200 au zaidi, na hukaa vizuri zaidi mshipini kuliko mfukoni. Mtu wa ofisini atatoshwa na kisu kidogo chenye bapa, mkasi na bisibisi, ambacho uzito wake hauzidi sana gramu 20. Kizibuo kwa mtu asiyefungua chupa za mvinyo ni mzigo tu.

Jihadhari na kisu cha bei ndogo kinachojisifu kuwa na vyombo 20. Kila chombo kilichoongezwa kimepunguza chuma cha vingine, na bisibisi yake hupinda skrubu ya kwanza ikikaza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisu chenye vyombo vinne vilivyo imara chashinda chenye 20 vilivyo dhaifu. Tena koleo la namna hii kwa kawaida lina mpini wa chuma mtupu; usiguse nalo nyaya za umeme zilizo na moto, kwani umeme hupita katika chuma na kumfikia aliyeshika.

MAMBO SITA YA KUCHUNGUZA DUKANI

Usione haya kumwomba mwenye duka akupe kisu mkononi. Mtu anayeuza kitu kizuri hataogopa kuchunguzwa.

1. Kifungue na kukifunga mara tano. Bapa liende laini, bila kukwama wala kuanguka lenyewe kwa uzito wake.

2. Kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, ulisukume kushoto na kulia polepole. Likicheza dukani, litacheza zaidi nyumbani.

3. Kikiwa na kifungio, kifungie, kisha ubonyeze mgongo wa bapa juu ya ubao wa meza, huku vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kifungio kisiteleze.

4. Kikiwa kimefungwa, tazama kama ncha yote imezama katika mpini, na kama bapa limekaa katikati bila kusugua upande mmoja. Ncha itokezayo itatoboa mfuko, kisha paja.

5. Pitisha kidole juu ya ribiti na kingo za mpini. Zikikwaruza sasa, zitachubua kiganja baada ya saa moja ya kazi. Kishike kana kwamba unakata. Vidole vyote vinne vipate mahali pa kukaa ikiwa ni kisu cha kazi za shamba. Mpini wa chuma uliolainishwa sana huteleza mkono ukiwa na jasho au damu ya samaki.

6. Soma alama ya kiwanda. Iwe imepigwa katika chuma chenyewe, wala si rangi iwezayo kukwanguliwa kwa ukucha. Alama peke yake si ushahidi wa kutosha, maana waigizaji ni wengi. Kisu kilichoshindwa majaribio matano ya kwanza kisikuponze kwa sababu ya jina lake.

KUNOA NA KUTUNZA

Kisu butu ni cha hatari kuliko kikali, kwa kuwa mtu hukisukuma kwa nguvu, nacho kikateleza. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Tafuta kinoo chenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Kilowe maji. Laza bapa juu yake, kisha uinue mgongo kidogo tu, kama nyuzi 20, na usukume kana kwamba unataka kulimenya jiwe ganda jembamba. Piga mara sawa kila upande, na usibadilishe mwinamo. Ukigusa ukingo kwa wanda la kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, utasikia uzi mwembamba wa chuma upande mmoja. Hiyo ndiyo dalili kwamba makali yamefika. Uondoe uzi huo kwa upande laini, kisha upangusie bapa juu ya mshipi wa ngozi, ukilivuta kinyumenyume. Likikata karatasi bila kuichana, latosha.

Ukimpelekea kisu mnoaji wa barabarani mwenye gurudumu, mwombe alitie bapa majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu kwa moto wa gurudumu, ugumu wake umekwisha, na hayatadumu tena.

Ukiisha kukata tunda au nyama, osha kisu, kikaushe, ndipo ukikunje. Tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kiungo kila mwezi. Mafuta ya kupikia hugandamana na kukusanya vumbi. Kisu kilichokata kwato au kidonda cha mnyama kisikate chakula kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Wala kisu cha mfukoni kisitumike kukata kitovu cha mtoto mchanga, kwa maana vijidudu vya pepopunda huingia kwa njia hiyo.

USALAMA NA SHERIA

Kata daima kuelekea nje ya mwili wako, na mkono wa pili uwe nyuma ya makali. Unapompa mwenzako kisu, kikunje kwanza. Usikitumie kuwa patasi wala mtaimbo. Mtoto afundishwe na mzazi, tena akiwa ameketi, wala asiachiwe kukimbia nacho. Mtu akijikata, akandamize jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, alioshe kwa maji safi na sabuni, asipake udongo wala samadi, na aende zahanati ikiwa jeraha ni la kina au kidole hakikunjiki, aulize pia habari za sindano ya pepopunda.

Mwisho, kumbuka kwamba kisu kile kile ni chombo shambani na ni silaha barazani. Sheria ya Kenya ya kulinda utulivu wa umma hukataza watu kuwa na silaha katika mikutano ya hadhara na maandamano. Kwa hiyo ukienda mkutanoni, mahakamani au mpirani, kiache kisu nyumbani. Ukisafiri kwa ndege, kitie katika mzigo unaopelekwa chini, wala si katika mkoba wa mkononi. La sivyo utanyang'anywa kwenye ukaguzi. Na ukienda nchi nyingine, uliza sheria yao kwanza. Kwa mfano, Uingereza mtu aruhusiwa kuchukua kisu cha kukunja kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3, bila kutoa sababu. Kikizidi hapo, au kikiwa na kifungio, ni lazima awe na sababu ya haki.

Husemwa kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni kweli, lakini kwanza awe na vidole vya kukishikia kisu hicho. Basi siku utakaposimama mbele ya meza ya mchuuzi, uache mng'ao kando, ukifungue kisu, ulisukume bapa kushoto na kulia, na ukisikilize kiungo kwa mkono wako. Kikicheza, kirudishe mezani, umshukuru mwenye duka, uende duka la pili.